Manukato Yasiyokaa

Katika masoko ya Dodoma, Majengo na Sabasaba, na katika vibaraza vilivyo karibu na misikiti siku ya Ijumaa, hukosi kumkuta mtu mwenye meza ndogo iliyopangwa chupa za mafuta mazuri, bomba la sindano la kupimia, na vichupa vitupu vya mililita chache. Naye huyo, ambaye watu humwita muuza pafyumu za kupima, ndiye mtengenezaji mdogo wa manukato tuliye naye katika nyanda hizi za kati, kwani hachoti tu kutoka chupa kubwa na kutia katika ndogo, bali akipata mteja mwenye subira huchanganya, hunusa, huongeza tone la hili na kupunguza la lile, mpaka apate kitu kisicho na jina ila lile atakalokipa mwenyewe. Na swali analoulizwa, na wanaume kwa wanawake, aghalabu hata kabla ya bei, ni moja: inakaa? Jibu lake nalo ni moja. "Mama, hii utafua nguo na bado utaisikia." Hapo mkoba hufunguliwa.

Sina haki ya kulibeza swali hilo. Mtu anayetoa fedha aliyoipata kwa jasho ana ruhusa ya kutaka kujua alichokinunua kitakaa naye kwa muda gani, na katika mji ambao mtumishi huondoka nyumbani katika baridi ya alfajiri na kurudi katika jua kali la alasiri, manukato yanayotoweka kabla ya saa nne ya asubuhi yaweza kuonekana kuwa ni udanganyifu uliotiwa katika chupa. Walakini kipimo kikiwa kimoja tu, hukumu nayo huwa moja tu. Na hukumu hiyo imeifukuza mezani, taratibu na bila kelele, aina moja ya manukato ambayo mimi naipenda kuliko zote, nayo ni ile ya ndimu na maua, nyepesi, angavu, yenye kuburudisha nafsi mara inapofunguliwa. Nataka kuitetea aina hiyo. Sitadai kwamba inakaa, maana haikai. Nitauliza tu ni kitu gani kinachoyafanya manukato mengine yakae, na ni nani anayelipa gharama ya ukaaji wake.

Manukato ya namna hii yakipakwa katika kiwiko cha mkono, kwanza hutoka ganda: ndimu, limau, chungwa au chenza, ile harufu kali inayoruka wakati kucha inapopasua tunda na vijitone visivyoonekana vikarukia uso. Dakika chache baadaye ukali ule hulegea, na nyuma yake hujitokeza ua, la mdanzi au la asumini, likiwa bado limechangamka kwa ubichi wa ganda. Na mwisho, baada ya saa moja au mbili, hubaki kitu kilicho karibu sana na usafi wa ngozi yenyewe, ambacho mtu wa mbali hakisikii na mtu wa karibu hawezi kukitaja. Wafaransa waliozoea kazi hii waliigawa safari hiyo katika mafungu matatu, wakayaita kichwa, moyo na msingi, na sababu ya mgawanyo huo ni uzito: mafuta ya ganda la chungwa, ambayo zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni limonini, yamejengwa kwa chembe nyepesi zisizohitaji joto jingi ili zipae hewani, ilhali chembe za udi na sandali ni nzito, hung'ang'ania ngozi na nguo. Kwa hiyo uhai wa harufu ya ndimu na upesi wa kuondoka kwake si sifa moja na kasoro moja zilizokutanishwa kwa bahati mbaya. Kilichowahi kuifikia pua ndicho kilichowahi kuondoka, na anayetaka la kwanza bila la pili anataka maji yasiyolowesha.

Hewa ya Dodoma huukaza mwendo huo. Mji umekaa katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mvua hiyo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya upepo mkavu, vumbi jekundu, na ngozi inayopauka upesi hata mafuta ya mgando yakawa ni haja ya kila siku na wala si pambo. Ngozi kavu haiyashiki manukato mepesi, na joto la mchana huyamaliza. Mtu aliyezoea chupa yake Tanga au Unguja, katika hewa nzito yenye unyevu wa bahari, akihamia Dodoma kwa ajili ya kazi, kama walivyohamia wengi tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kutekeleza kwa dhati uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya mji huu makao makuu, hudhani amechakachuliwa na muuzaji. Kumbe chupa ni ile ile, kilichobadilika ni nchi. Mwenye kujua hupaka mafuta kwanza kisha manukato juu yake, au huyatia katika upindo wa nguo, akapata saa moja zaidi. Zaidi ya hapo nchi haimpi.

Pwani yenyewe, ambayo tumezoea kuitaja kuwa ni nchi ya udi na ambari, haikutegemea vizito peke yake. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, na ambaye baadaye, akijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake katika Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi nguo za mabibi wa jumba zilivyokuwa zikitandazwa usiku maua mabichi ya asumini na ya michungwa, na kabla ya kuvaliwa zikatiwa harufu ya ambari na miski. Tuizingatie ada hiyo. Waliokuwa na uwezo wa kupata kila kizito kilicholetwa na majahazi walianza na chepesi, na chepesi hicho walikifanya upya kila usiku, maana ua la jana halikuwa na kazi tena katika nguo ya leo. Kilichokaa ilikuwa desturi, na desturi hiyo, ni haki kusema, ilisimama juu ya mikono ya wajakazi na watumwa waliochuma na kutandaza, ambao majina yao hayakuandikwa.

Wala haikuwa ada ya majumba makubwa tu. Mpaka leo katika miji ya pwani vikonyo vya asumini huchumwa alasiri vingali vimefumba, hutungwa katika uzi, na ifikapo magharibi hufumbuka katika nywele au kifuani pa aliyevivaa. Kikuba nacho hufungwa kwa asumini, mrehani na vipande vya mkadi, huvaliwa usiku wa furaha, na kunapopambazuka kimekwisha kuwa kahawia. Sijapata kumsikia mwanamke akinung'unika kwamba kikuba cha jana hakinukii leo. Kila mtu alikuwa akijua kwamba kikuba ni cha usiku mmoja, na ujuzi huo ulikitia thamani badala ya kukipunguzia.

Katika jamaa yote ya ndimu, mti uliojaliwa ukarimu mkubwa kupita mingine katika sanaa hii ni mdanzi, ingawa tunda lake ni kali na chungu na mezani hupitwa na chungwa. Maua yake yakikenekwa kwa mvuke hutoa mafuta yaitwayo neroli, jina lililotokana na mji wa Nerola katika Italia, ambao bibi wake mtukufu wa karne ya 17 alisifika kwa kuyatia katika glavu zake. Majani na vijiti vyake hutoa mafuta mengine, makavu, yenye ubichi wa msituni. Na ganda la tunda hutoa ya tatu. Kwa mafuta ya jamaa hiyo, Mwitaliano Johann Maria Farina, aliyezaliwa mwaka 1685 na kuhamia Köln, aliunda maji mepesi ambayo, katika barua ya mwaka 1708, alimwambia ndugu yake kwamba yanamkumbusha asubuhi ya kwao baada ya mvua, michungwa ikiwa imechanua. Biashara ya nyumba yao ilianza mwaka 1709, maji yakapewa jina la mji uliompokea, na dunia nzima ikaliiga jina hilo. Lakini asili yake ilikuwa duka la jamaa moja, na mhamiaji mmoja aliyeitamani hewa ya kwao.

Maji hayo ya kale yalichanganywa katika spiriti ya zabibu, na jambo hili linatugusa sisi kuliko tunavyodhani. Dodoma ndiyo nchi ya zabibu katika Tanzania. Mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Muheza kuna machungwa ambayo hupandishwa malori mpaka kwetu, na Unguja kuna milangilangi na asumini. Mtengenezaji mdogo wa nyanda za kati, akitaka kuunda manukato ya ndimu na maua, hana lazima ya kuagiza kila kitu ng'ambo. Kinachokosekana ni ustadi wa kukeneka, mtaji wa kuanzia, na mnunuzi aliye tayari kukisikia kilichoundwa. Na kama mnunuzi ni Mwislamu anayeepuka spiriti, njia ya mafuta iko wazi na ni ya zamani zaidi, kwani huko Baghdad katika karne ya 9 mwanazuoni al-Kindi alikwisha kuandika kitabu cha utengenezaji wa manukato na ukenekaji chenye kanuni zaidi ya mia moja.

Sasa tuyatazame manukato yanayokaa. Udi hutoka katika moyo wa miti ya jamii ya Aquilaria ya Asia, na mti wenye afya hauna udi ndani yake. Mpaka ujeruhiwe na kushambuliwa na kuvu ndipo hujikinga kwa utomvu mzito wenye harufu, na mtafutaji, kwa kuwa haoni ndani ya shina, amekuwa akiangusha mingi ili apate mmoja wenye maradhi, hata mwaka 2004 nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES, unaohusu biashara ya viumbe vilivyo hatarini, zikaamua kuiweka jamii hiyo yote chini ya udhibiti wa biashara. Miski ya asili ni kifuko cha tezi cha paa dume wa milima ya Asia, na kwa karne nyingi kumpata kulikuwa ni kumuua. Sandali ya India ilipoadimika, macho ya wafanyabiashara yaligeukia msandali wa nchi kavu za Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, mti mdogo usio na haraka ya kukua, ambao mizizi yake huchota sehemu ya riziki katika mizizi ya jirani. Na kwa sababu mafuta yake yamo zaidi katika mzizi na kiini cha shina, mvunaji hakati tawi akaenda zake, bali hung'oa mti wote. Mwaka 2013 mti huu nao, pamoja na wa Tanzania, uliingizwa katika udhibiti wa mkataba ule ule.

Kinachokaa sana katika nguo, basi, aghalabu ni kile kilichokaa sana katika kiumbe, na kiumbe chenyewe hakipo tena. Ganda la chungwa, kwa upande wa pili, ni la tunda ambalo mtu amekwisha kulila, na mchungwa umebaki Muheza ukingoja msimu. Ua la mlangilangi huchumwa asubuhi kabla jua halijapanda, katika Nzuani na visiwa vingine vya Komoro ambavyo kwa muda mrefu vimeongoza dunia katika mafuta yake, na mti uliochumwa huendelea kuchanua. Manukato mepesi huondoka upesi kwa sababu yametoka katika sehemu ya mti ambayo mti wenyewe uliikusudia iondoke: ua lipukutike, tunda lianguke. Manukato mazito hukaa kwa sababu yametoka katika kile ambacho mti uliwekeza ili usimame. Hii siyo kanuni isiyovunjika, lakini ni mizani ambayo mnunuzi mwenye dhamiri anaweza kuibeba.

Na watu wa nyanda za kati hawana haja ya kufundishwa mapenzi ya harufu ipitayo, maana harufu wanayoingoja kuliko zote, baada ya miezi saba ya ukavu, ni ile ya ardhi inapopokea matone ya kwanza. Wanasayansi wawili, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza na kuiandika katika jarida la Nature mwaka 1964, wakaonyesha kwamba katika kiangazi mawe na udongo hukusanya mafuta ambayo mvua huyafungua. Mvua yenyewe Mgogo, mwenyeji wa Dodoma, anaitaka ikae, kwa sababu ya mtama na uwele wake. Lakini harufu ile huondoka mvua ingali inanyesha, na hakuna anayejiona ameibiwa. Katika mji wa Kannauj, India, wapo mafundi waliotaka kuizuia: huchoma udongo, huukeneka katika mitungi ya shaba, na kuupokea mvuke wake katika mafuta ya sandali ili usitoroke. Ni kazi ya ajabu na ya kusifiwa. Hata hivyo, ili harufu ya mvua ikae, ilibidi mti uangushwe.

Najua yanayoweza kusemwa dhidi yangu. Ua nalo lina gharama yake: kilo moja ya neroli huhitaji kiasi cha tani moja ya maua, na kila ua lililochumwa ni danzi lisilozaliwa, hivyo chupa yenye neroli ya kweli haiwezi kuwa ya bei ya Majengo. Tena ukaaji wa siku hizi mara nyingi hautokani na paa wala na udi. Tangu Albert Baur alipogundua miski ya kutengenezwa mwaka 1888, viwanda vimeunda vizito vingi visivyomwaga damu, na yule mama aliyeahidiwa harufu inayoshinda sabuni pengine hajaudhulumu mti wowote. Yote haya ni kweli, nami nayakubali. Siombi udi ufukuzwe katika harusi, wala sitamwambia mtumishi mwenye mshahara mdogo kwamba ni dhambi kutaka chupa yake imfikishe jioni. Naomba tu kwamba tusiidai ndimu itoe kilicho hulka ya mzizi, na tusimlazimishe mtengenezaji kuua wepesi wa ua kwa kulitwika mzigo wa vizito ili tu ajibu swali la mlangoni.

Hapo ndipo udogo wa mtengenezaji unapogeuka kuwa nguvu. Mafuta ya ganda hayastahimili kungoja: limonini ikikutana na hewa, mwanga na joto huharibika, harufu yake ikachacha, na hata ikaweza kuiwasha ngozi. Kiwanda kikubwa, ambacho bidhaa yake husafiri baharini na kukaa rafuni, hulazimika kujikinga na hilo kwa namna nyingi. Mtengenezaji wa meza ndogo anaweza kukoroga kidogo, akaweka kivulini katika chupa nyeusi, akauza kikiwa kingali hai. Lakini nguvu hiyo ina faradhi yake. Mafuta ya ndimu na ya bergamoti yaliyokamuliwa bila moto yana viambato ambavyo, vikiwa juu ya ngozi iliyo juani, huweza kuiunguza na kuiachia mabaka. Na jua la Dodoma halina mzaha. Mchanganyaji mwaminifu hutumia ndimu iliyokenekwa, ambayo haina madhara hayo, au humwambia mteja wake waziwazi: hii tia katika nguo, mjomba, usitie shingoni ukatoka mchana. Anayeuza chupa elfu kwa watu asiowajua hawezi kusema hivyo kwa kinywa chake.

Manukato yasiyokaa humrudisha mtu kwa aliyeyatengeneza. Chupa huisha mapema. Mteja anakuja tena, anaeleza kwamba msimu huu ndimu ilizidi au ua lilikuwa hafifu, mtengenezaji naye anamweleza kwamba machungwa ya safari hii yalichumwa mabichi, na katika kurudiana huko pua ya mmoja inafundishwa na mkono wa mwingine unasahihishwa. Tumezoea kuipima bidhaa njema kwa urefu wa muda inaotuwezesha kumsahau mtengenezaji wake. Kipimo hicho kinafaa kwa jembe na kwa paa la nyumba. Kwa harufu, ambayo thamani yake yote imo katika kuipokea, ni bora tulipe fedha ndogo mara nyingi kwa mtu tunayemjua, kuliko fedha kubwa mara moja kwa ajili ya kitu kitakachong'ang'ania nguo zetu hata baada ya sisi wenyewe kuacha kukisikia.